Harrier ya Japani na skrini yake ya ramani: uzoefu wangu kwa anayetaka kununua

Tangazo la Toyota Harrier likiandikwa "full navi", yaani ina skrini ya ramani ya kuelekeza njia, bei husogea juu kidogo na mnunuzi huona ameongezewa kitu. Usiilipie ramani hiyo hata shilingi. Naizungumzia Harrier ya umbo lililotoka mwishoni mwa 2013, yenye injini ya 3ZR ya lita 2.0, ambayo nimeitumia na naipenda. Kama gari, sina la kulalamikia. Skrini yake ndiyo inayotaka jicho la peke yake kabla hujatoa hela, maana vitu vilivyounganishwa nyuma yake ndivyo vitakavyoamua utatumia kiasi gani baadaye.

Ramani iliyomo ni ya Japani tu. Huwa kwenye kadi ya SD au ndani ya redio yenyewe, na hutapata kadi ya Tanzania au Kenya ya kuweka badala yake. Uko Kimara, lakini mshale umeganda Japani au unaelea kwenye skrini tupu. Maandishi ni ya Kijapani na sauti ni ya Kijapani. Hata FM ni ya kwao: huanzia 76 na kuishia 90, matoleo ya baadaye 95. Kwa Dar es Salaam Clouds kwenye 88.5 utaisikia, EFM kwenye 93.7 itategemea toleo, na aliyeko Nairobi hatafika 106.7 kuipata Radio Citizen. Kile kifaa kidogo cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena kinasaidia, lakini stesheni zinasomeka kwa namba zisizo zake na usikivu hupungua.

Kubwa zaidi ni kufuli. Redio nyingi za Toyota za Kijapani zikikatiwa umeme, kwa mfano betri ikibadilishwa, zinaomba namba ya siri. Nyingine zikikosa kadi yake ya ramani zinagoma kabisa na kubaki na ujumbe mmoja wa Kijapani. Hapo unapoteza redio, Bluetooth, na mara nyingine kamera ya nyuma. Kwa hiyo ukiwa yadi, fungua skrini uangalie kadi ya SD kama ipo. Tundu likiwa tupu, punguza bei papo hapo. Ikiwepo, iache humo. Si ya kuhamishia nyimbo.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika kumi. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja bila kukanyaga breki, skrini iwake. Gusa pembe zote nne na katikati, kwa sababu sehemu iliyopigwa jua miaka mingi huacha kusikia kidole. Washa gari, weka rivasi: picha itokee mara moja, isichezecheze. Jaribu vitufe vya usukani, sauti na simu. Halafu uliza swali ambalo wauzaji wengi hawalitegemei: mfumo huu ulifungwa kiwandani au uliongezwa na wakala wa Toyota kule Japani? Ulioongezwa na wakala hutoka kirahisi. Wa kiwandani, hasa wenye spika za JBL na kamera za pande zote nne, una amplifaya yake na kompyuta ya kamera; ukiung'oa bila adapta yake, gari linakuwa bubu na zile kamera zinapotea. Kwa anayejua atabadilisha skrini, Harrier ya kawaida yenye redio ya wakala ni chaguo bora kuliko ile iliyojaa vikorombwezo. Hata X-Trail ya kipindi hichohicho yenye kamera nne inataka tahadhari hii.

Skrini ya Android, yaani redio nyingine inayofungwa badala ya ile ya Kijapani, ndiyo suluhisho ambalo wengi tunaishia nalo, na inafanya kazi vizuri ikifungwa kwa akili. Nunua yenye fremu ya Harrier yenyewe. Ya gari jingine itaacha mwanya na itapiga kelele kwenye barabara mbovu. RAM ya GB 2 inachoka ukifungua ramani na muziki pamoja, chukua 4. Nyuma ya redio ya Toyota kuna soketi ya pini 10 yenye umeme na spika za mbele, na ya pini 6 yenye spika za nyuma. Adapta ya plagi inaingia bila kukata waya hata mmoja, kwa hiyo fundi akishika mkasi msimamishe. Waya wa njano unataka umeme wa muda wote, mwekundu unataka umeme wa swichi. Vikigeuzwa, redio inasahau kila kitu ukizima gari. Vyote viwili vikipelekwa kwenye umeme wa muda wote, skrini haizimi kabisa na gari likilala siku kadhaa utakuta betri imekufa.

Kamera ndipo watu wengi wanapopata hasara. Kamera ya asili ya Toyota inatumia volti 6. Skrini ya Android inatoa 12. Ukiunganisha moja kwa moja, picha inakuwa nyeupe, inacheza, kisha inakuwa nyeusi na hairudi. Kifaa cha kushusha umeme hadi volti 6 ni kidogo kama kidole gumba na ni rahisi kuliko kamera mpya, kidai kabla kazi haijaanza. Na hakuna haja ya kupitisha waya kutoka taa ya nyuma ili skrini ijue umeweka rivasi: ishara hiyo ipo tayari kwenye soketi ndogo ya pini 5 nyuma ya redio, pamoja na ya mwendo na ya hendibreki.

Antena ya GPS ina sumaku, na mafundi wengi huibandika kwenye chuma kilicho nyuma ya redio. Hapo haioni anga. Iwekwe juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele, na kama kioo kina tinti yenye chembechembe za chuma, itafutiwe sehemu isiyo na tinti. Hata ikikaa vizuri usiidai miujiza. Nairobi Expressway imepita juu ya Mombasa Road, na GPS haitofautishi vizuri juu na chini, hivyo mshale unaweza kukuambia ukunje kulia wakati uko juu ya daraja.

Kuhusu ramani, Google ina foleni za mjini lakini inataka bando. Pakua eneo lako la safari kwa Wi-Fi kabla ya kuondoka, na uirudie mara kwa mara kwani ramani iliyopakuliwa huisha muda. Weka na Organic Maps au OsmAnd pembeni, zisizohitaji intaneti. Data yake ni ya OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, na kwa Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 umechora mitaa ya uswahilini hadi vichochoro na mifereji. Ukitafuta nyumba ya mtu Tandale, hiyo ndiyo naiamini kwanza.

Mwenye uwezo wa Harrier ya kuanzia Juni 2020 anatoka kwenye shida nyingi. Skrini ni ya inchi 8, au 12.3 kwa toleo la Z, na inapokea CarPlay, mfumo wa Apple unaoleta iPhone yako kwenye skrini ya gari: ramani inatoka kwenye simu yako, kwa lugha ya simu yako. Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliingizwi, wanunuzi watakutana nayo zaidi kadiri miaka inavyosogea. Menyu za gari zinabaki za Kijapani, na skrini hiyo usiing'oe, maana mipangilio ya gari imo humo. Nenda yadi na waya wako mzuri wa USB, chomeka simu, na usitoke hapo mpaka umeona mtaa uliosimama ukitokea kwenye skrini.