Caldwell au Waters (mikao miwili ya kupiga eksirei) kwa picha ya sainasi, yale matundu ya hewa kwenye mifupa ya uso?
Caldwell pua inagusa baki (kile kibao kinachoshika kaseti), unaweka sponji ya digrii 15 kati ya paji la uso na baki, tyubu ya eksirei inabaki mlalo, hapo sainasi za paji zinatoka safi ila mfupa wa petrasi (ule mgumu unaobeba sikio la ndani) unaangukia theluthi ya chini ya tundu la jicho na za mashavuni huzisomi vizuri. Waters sasa kidevu ndo kinagusa, mstari wa jicho na sikio digrii 37 na baki, petrasi inashuka chini ya sainasi za mashavuni unaziona wazi kabisa. Mgonjwa analalamika mashavu? Mi napiga Waters, na jamani akae au asimame, akilala levo ya maji ndani ya sainasi haionekani.