Fundi umeme wa Ilala, wenye Mazda Axela za i-stop nendeni

Jamani huyu fundi anajua kazi. Taa ya i-stop (ule mfumo wa kuzima injini gari likisimama) ilikuwa inawaka njano, asubuhi stata inavuta kwa shida, na kila gereji wananiambia badilisha altaneta eti mita inasoma volti 12.8 tu injini ikiunguruma. Yeye hakukurupuka, kawasha taa kubwa na AC, volti zikapanda mpaka 14.2 nikiona mwenyewe, akasema altaneta nzima, inaongozwa na kompyuta ya gari. Kupiga stata, betri ikashuka hadi volti 8 na kitu! Kumbe duka liliniuzia ya kawaida badala ya Q-85, zile EFB zinazohimili kuzima na kuwaka kila foleni. Sensa ya kwenye ncha hasi ya betri kaifungua taratibu, hakuna nyundo. Wahini mapema tu, wateja wengi mno.