Programu ya maswali ya IR: imenivusha, ila dira yake ni ya Marekani

Nimeitumia miezi mitatu kabla ya safari ya kwenda Marekani kufanya mitihani, muda mwingi nikiwa nimening'inia kwenye mwendokasi kati ya Kimara na Gerezani. Ni benki ya maswali ya simu kwa mitihani ya nadharia ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani: ule wa IR, yaani kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, na ile ya wakufunzi wa darasani.

Kwa kupita mtihani, hela yangu imerudi. IR ni maswali 60 na alama ya kupita ni 70, nilipata 83. Ule wa misingi ya ufundishaji, mmoja wa ile ya wakufunzi, maswali 50, nilitoka na 92, maana ni wa kukariri na programu hii kukaririsha inajua.

Kuelewa ni habari nyingine. Namna ya kuingia kwenye duara la kusubiria, yaani kuzunguka angani ukingoja ruhusa ya kuendelea, imepewa mistari mitatu tu. Rubani mwenzangu ndiye aliyenichorea, nyuma ya karatasi ya chapati, ikakaa kichwani mpaka leo.

Halafu dira. Nilikariri kwamba ukiwa unaelekea mashariki au magharibi, ukiongeza mwendo, dira ya sumaku inadanganya kuwa unageuka kaskazini. Niliporudi Dar nikamjibu mwalimu wangu hivyohivyo, kwa kujiamini kabisa. Akacheka. Huku kwetu sumaku ya dunia inainama upande wa pili, kwa hiyo dira inadanganya kuelekea kusini. Programu haina hata sentensi moja ya kukutahadharisha. Na altimita, kile chombo cha kupima kimo, shinikizo lake la kawaida ni inchi 29.92 mwanzo mwisho. 1013 yetu, shinikizo hilohilo kwa hektopaskali, hutaiona.

Picha za chati kwenye simu ni ndogo, macho yatauma. Ila maswali yanapakuliwa, umeme ukikatika au bando likiisha unaendelea.

Kingine ambacho haikuniambia: IR hukalii bila saini ya mkufunzi, lakini mitihani ya mkufunzi wa darasani haidai saini, wala haina mtihani wa vitendo baadaye. Na ule wa mkufunzi wa darasani wa vyombo unafanana mno na IR yenyewe. Ningejua, ningeifanya yote safari moja. Sasa ripoti ya matokeo yangu ya misingi ya ufundishaji inadumu miezi 24 tu, kwa hiyo nimelipia programu tena, na natafuta nauli.