Klabu ya ukulele: mazoezi ya kawaida, matembezi ndiyo yenyewe

Nimekaa kwenye klabu hii ya ukulele, kile kigitaa kidogo cha nyuzi nne, muda wa kutosha kuisema kwa mema na mabaya yake. Kama matembezi, yaani safari za kwenda kupiga nje ya ukumbi wetu, yasingekuwepo, ningeshaacha kulipa ada.

Mazoezi ya kila wiki si mabaya. Tunakaa duara, wageni wanachanganywa na wazoefu, maneno ya wimbo na kodi zake (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) vinaonyeshwa ukutani. Anayeanza haachwi nyuma: kodi ya C inataka kidole kimoja tu, freti ya tatu (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) kwenye uzi wa A, na ukishaongeza F na G7 una nyimbo tele za kuimba. Ukija mikono mitupu unaazimwa soprano, ile saizi ndogo. Mwenye vidole vinene aombe konseti au tenori, saizi kubwa zaidi, freti zake zina nafasi zaidi.

Kinachonichosha ni kelele. Watu wote wakicharaza mtindo mmoja, chini-juu-chini-juu, wimbo unapotea. Ukulele yenyewe haina besi. Hata ule uzi wa G ulio juu, ambao mpiga gitaa angetegemea uwe mnene, kwa kawaida unalia juu kuliko C na E zinazoufuata. Dawa ipo na kiongozi wetu anaijua: wachache wapige mara moja tu mwanzoni mwa kila mzunguko, wengine wadonoe nyuzi mojamoja, na mwenye baritoni, ukulele kubwa ambayo hufungwa D-G-B-E kama nyuzi nne nyembamba za gitaa, ajaze chini. Siku akitupanga hivyo, hata mimi najisikia mwanamuziki. Lakini anafanya hivyo onyesho likikaribia tu. Siku nyingine kila mtu na lwake.

Sasa matembezi. Kupiga nje ni kazi nyingine kabisa. Hakuna kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo duara linabanwa mpaka magoti yanakaribia kugusana, la sivyo wa upande wa pili humsikii na mnaanza kupishana. Upepo unachukua karatasi. Wazoefu wanakuja na vibanio vya nguo. Jua nalo linavuruga nyuzi, hasa mpya ambazo bado zinavutika, basi kila baada ya nyimbo chache tunasimama kutyuni, yaani kurekebisha sauti za nyuzi. Nunua kityuna cha kubana kwenye kichwa cha ukulele. Kinapokea mtikisiko wa mbao, si sauti ya hewani, ndiyo maana kinafanya kazi hata watoto wakipiga makelele pembeni. Na usiache ukulele ndani ya gari juani, gundi inalegea.

Ziara ninayoipenda kuliko zote ni ya nyumba ya wazee. Kabla ya kwenda tulishusha sauti ya baadhi ya nyimbo kutoka ufunguo wa D hadi C ili wenyeji waimbe bila kukaza koo, na wanaoanza nao wakashukuru. Tulipofika tukaanza kwa kasi yetu ya mazoezini. Bibi mmoja mstari wa mbele alikuwa akigonga mkono wa kiti kwa kidole, taratibu, wala hakutujali. Kiongozi akatusimamisha, akasema tufuate kile kidole. Tukaanza upya, na safari hii ukumbi mzima ukaimba, beti zote, hata zile ambazo sisi tulikuwa tunasoma kwenye karatasi. Kuhusu mwendo wa wimbo nilijifunza zaidi pale kuliko kwenye metronomu yoyote, kile kifaa cha kuhesabu mapigo.

Upangaji wa safari hizi, hata hivyo, ni wa kubahatisha. "Ni hapo karibu tu" imewahi kuwa mwendo mrefu wa miguu huku tumebeba standi na viti. Maonyesho ya wazi nayo hushikwa na walewale wenye kujiamini, wapole wanabaki kupiga makofi. Zamu ziandikwe, basi.

Nani ajiunge? Anayetaka kuimba na watu na kutoka nje ya nyumba, aje hata kama hajawahi kushika ukulele. Anayetaka kufundishwa kudonoa nyuzi kwa ufundi atafute mwalimu wake, hapa hatapata muda huo. Mimi nabaki, ila naendelea kudai kitu kimoja: orodha ya nyimbo za safari itumwe mapema. Mara ya mwisho tuliipata njiani, na wimbo wa kwanza ulikuwa na kodi ya E, ile inayosumbua vidole.