Kozi ya Jumamosi ya kufupisha matini na kupendekeza suluhu, Mombasa: je, inastahili ada yake?

Kozi hii huendeshwa kwa Jumamosi sita mfululizo katika ukumbi wa kukodi kisiwani Mombasa, na huwapokea wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne pamoja na wale wa gredi ya 10 walioingia sekondari pevu, yaani ngazi ya juu ya sekondari katika mtaala mpya, mwaka 2026. Ada ni shilingi 3,500, na inajumuisha chai na nakala za matini zinazosomwa. Nilimwandikisha mpwa wangu, na kwa kuwa nami hufundisha Kiswahili, niliomba kuketi nyuma ya darasa, ombi ambalo waandaaji walilikubali bila kusita. Jina la kituo silitaji, kwa maana ninachokitathmini hapa ni mbinu ya kufundisha.

Wanafunzi wetu wengi wanaufahamu ufupisho kama swali la Karatasi ya Pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ambako hupewa kifungu kimoja na kutakiwa kufupisha sehemu zake kwa idadi maalumu ya maneno, kwa jumla ya alama 15. Ni zoezi zuri, lakini mtahini ndiye aliyechagua kifungu, na mtahiniwa hana sababu ya kumshuku mwandishi wake. Kozi hii inaanzia pale swali hilo linapoishia. Kila kundi hupokea matini manne au matano yanayozungumzia jambo lilelile bila kukubaliana, yaani kipande cha sheria, ukurasa wa ripoti ya serikali, habari ya gazeti, na maelezo ambayo wanafunzi wenyewe wameyachukua kutoka kwa watu wa mtaani. Kila matini hufupishwa peke yake, kisha unaandikwa muhtasari mmoja unaoonyesha nani anasema nini na anajuaje, ambao kundi huutumia kupendekeza suluhu.

Kundi la mpwa wangu lilipewa mada ya uhaba wa maji mjini, na hapo ndipo nilipouona uzito wa kozi. Mwalimu aliwataka wasome ripoti, waifunike, kisha waandike hoja kwa maneno yao, na kwa kuwa ripoti nyingi za serikali zimeandikwa kwa Kiingereza ilhali muhtasari ulitakiwa kwa Kiswahili sanifu, hapakuwa na nafasi ya kunakili sentensi na kubadilisha neno moja moja. Kutokana na muhtasari huo waligundua jambo ambalo hata watu wazima waliozaliwa hapa hulisahau, kwamba maji makuu ya Mombasa hutoka nje ya kaunti: Mzima iliyo ndani ya Tsavo Magharibi, Baricho kwenye mto Sabaki huko Kilifi, Marere na visima vya Tiwi vilivyo Kwale. Bwawa la Mwache, linalotarajiwa kupunguza shida hiyo, nalo linajengwa Kwale. Tena kuna vyombo viwili ambavyo mwananchi huvichanganya, yaani wakala wa serikali ya kitaifa unaoleta maji kwa wingi, na kampuni ya kaunti inayoyasambaza hadi majumbani na kukusanya malipo.

Kabla ya kusoma, kundi hilo lilikuwa limeandika mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa kwamba kaunti ichimbe visima kila mtaa, na la pili kwamba wananchi wahamasishwe watumie maji vizuri. Pendekezo la kwanza lilianguka lenyewe walipofupisha maelezo kuhusu visima vya kisiwani, ambavyo vingi vina maji ya chumvi au huchafuliwa na vyoo vya shimo vilivyo karibu. Pendekezo la pili liliangushwa na mwalimu, kwa sababu kozi ina kanuni ninayotamani kuiona ikibandikwa katika kila darasa nchini: uhamasishaji hauruhusiwi kuwa pendekezo la kwanza. Anayelisoma hilo huenda akaona ni ukali usio na maana, lakini aliyesahihisha insha za wanafunzi wetu anajua jinsi kila tatizo, kuanzia mihadarati hadi mafuriko, linavyomalizwa kwa semina na mabango. Kumhamasisha mama anayenunua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni kwamba asiyamwage ovyo ni kumfundisha somo analolijua kuliko mfundishaji.

Badala ya uhamasishaji, wanafunzi huulizwa swali lenye matawi matatu, ambalo aliyewahi kuona mpango wa elimu ya uraia wa Project Citizen kutoka Marekani atalitambua: je, hakuna sheria kuhusu tatizo hili, au sheria ipo lakini haitoshi, au sheria inatosha ila haitekelezwi? Kundi lililoshughulikia takataka sokoni lilinufaika zaidi na swali hili. Lilikuwa limejiandaa kudai sheria mpya, kisha likakuta kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka za kuoza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapozalishwa. Basi pendekezo likageuka: badala ya kudai sheria, walidai sehemu moja ya soko iwekewe mapipa ya aina mbili na ratiba ya kuyazoa, kwa kuwa mchuuzi hawezi kutenganisha taka ambazo gari la kaunti litazichanganya tena.

Nusu ya pili ya kozi haikufikia kiwango hicho. Wanafunzi hufundishwa kwamba Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, na kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa afisa wa umma siku 21 za kujibu ombi la taarifa. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini barua ya kuomba taarifa huandikwa Jumamosi ya tatu, kwa hiyo hata ofisi ikitii sheria hadi siku ya mwisho, jibu litafika Jumamosi ya sita, wakati mapendekezo yanawasilishwa ukumbini. Ingetosha kuipeleka barua hiyo Jumamosi ya kwanza. Suala la gharama nalo liliguswa juu juu: kundi la maji lilipendekeza matangi ya umma katika wadi tatu bila kukadiria bei ya tangi hata moja, na hakuna aliyewauliza. Darasa lilikuwa na wanafunzi wapatao arobaini kwa mwalimu mmoja, na makundi yaliyokaa nyuma yalisahihishwa kwa haraka. Kuhusu chai, ilikuwa chai.

Lipo pia suala la mahali mapendekezo yanapoishia. Barua za mwisho zilielekezwa vizuri, ya maji kwa bunge la kaunti na ya taka kwa idara husika, kila moja ikiwa na tatizo, ushahidi, njia mbili zilizolinganishwa, na ile iliyochaguliwa pamoja na kasoro zake. Zilisomwa, zikapigiwa makofi, zikawekwa kwenye faili. Kituo hakina utaratibu wa kuzifikisha, na nilipouliza niliambiwa kwamba jukumu hilo ni la wanafunzi wenyewe na wazazi wao. Barua ya mpwa wangu na wenzake tuliipeleka sisi wenyewe hadi ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Pamoja na hayo, ningemwandikisha mwanafunzi wa gredi ya 10 bila wasiwasi, hasa kwa kuwa somo la huduma kwa jamii ni la lazima katika sekondari pevu na shule nyingi bado zinatafuta namna ya kulifanya lizidi kufagia uwanja wa zahanati. Mwalimu wa somo hilo angefaidika pia, iwapo waandaaji wangefungua nafasi za walimu, jambo ambalo kwa sasa hawalifanyi. Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne anayetafuta alama za Karatasi ya Pili tu, ada hii ni ghali mno: atajifunza kushindanisha vyanzo, lakini mtihani utampa kifungu kimoja tu, na karatasi za miaka iliyopita zitamsaidia kwa gharama ndogo zaidi.