Tri-ang Jinty ya mtumba: kichwa cha treni cha kujifunzia ufundi

Anayetaka kuanza kutengeneza vichwa vya treni vidogo vya zamani, mimi namwambia aanze na Jinty ya Tri-ang, kampuni ya zamani ya Uingereza ya vitu vya kuchezea. Hapa Uingereza zimejaa kwenye meza za maonyesho ya treni, maana kiwanda cha Margate, kule Kent, kilizitoa kwa wingi, na watoto waliozichezea miaka ya 1950 na 1960 sasa ni wazee wanaopunguza vitu nyumbani. Hii yangu niliipata Leicester kwa pauni 18, haina boksi, bafa moja (kile kipokea mgongano cha mwishoni) imevunjika. Muuzaji alinihakikishia kwamba inatembea. Nilipoiweka kwenye reli ilivuma kidogo, ikasogea kama sentimita kumi, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikazima.

Garimoshi lenyewe lililoigwa ni la LMS, kampuni ya reli ya Uingereza, lenye magurudumu sita na tangi la maji ubavuni. Yalijengwa 422 kati ya 1924 na 1931, na kazi yake kubwa ilikuwa kupanga mabehewa stesheni. Mfano huu ni wa kipimo cha 1:76, unatembea kwenye reli ya upana wa milimita 16.5 kwa umeme wa DC wa volti 12. Kwa sura, nisifiche: vishikio vya mkono vimefinyangwa pamoja na mwili na magurudumu ni manene. Mtu anayetaka kichwa cha kupamba kabati ana vipya vingi vya kuchagua. Mimi nilichokipenda kiko chini ya hiyo plastiki.

Ukivua mwili unakutana na mota iitwayo X04. Iko wazi, haina kifuniko. Unaiona sumaku, unaiona koili, unaziona brashi za kaboni pande mbili za komyuteta, yaani silinda ndogo ya shaba inayopeleka umeme kwenye koili, na parafujo ya giya ikizungusha ekseli. Hakuna saketi ya kielektroniki hata moja. Fundi wa redio au wa mashine za kusaga nafaka akikaa nayo dakika chache ataielewa bila kuambiwa, na ndiyo sababu naisifu: walioiunda walijua iko siku mtu ataifungua.

Cha kwanza kutazama ni springi ya brashi. Ni waya mmoja uliopindwa ukawa na mikono miwili, kila mkono unabana brashi yake. Mkono mmoja lazima uvae kijimrija cha kuzuia umeme, chembamba kuliko punje ya mchele, kwa sababu upande ule brashi imetengwa na chasisi. Chasisi nzima ina umeme: magurudumu ya upande mmoja yanapeleka moja kwa moja kwenye chuma, na ya upande wa pili yametengwa, umeme wake unachukuliwa na vibati vilivyo chini. Kijimrija kikidondoka, pande mbili zinagusana na unapata shoti papo hapo. Nimeona watu wakitupa mota nzima kwa kukosa kitu hicho, na kipande cha ganda la waya mwembamba kinatosha kukirudisha.

Kwangu kijimrija kilikuwepo. Komyuteta ndiyo ilikuwa na hali mbaya. Ina vipande vitatu vya shaba vyenye nyufa kati yake, na nyufa zote zilikuwa zimejaa unga wa kaboni uliochanganyika na mafuta ya miaka, mweusi kama lami. Umeme unavuka humo badala ya kupita kwenye koili. Nilizizibua kwa kijiti cha meno, nikafuta shaba kwa kitambaa chenye spiriti mpaka ikarudisha rangi yake. Msasa sitaki kuuona karibu na komyuteta, unaacha mikwaruzo inayozila brashi. Kisha nikapima kwa mita kati ya kipande na kipande: vipimo vitatu vililingana, maana yake koili nzima. Kimoja kingepishana sana na wenzake, hapo ningetafuta mota nyingine.

Baada ya usafi ikatembea, ila kwa haraka isiyo na nguvu, na ikipanda moto. Hiyo ni dalili ya sumaku iliyochoka: sumaku ikidhoofika, mota inakunywa umeme mwingi na kuvuta kidogo. Nilipoangalia skrubu inayokaza sumaku, kichwa chake kilikuwa kimekwaruzwa na bisibisi. Mtu aliwahi kuitoa. Sumaku hizi za aloi ya alumini, nikeli na kobalti hupoteza nguvu zikitolewa kwenye vyuma vyake bila kuzibiwa na chuma kingine. Kwa hiyo kama yako bado inavuta vizuri, skrubu ile iache ilivyo. Komyuteta na brashi vinasafishika bila kuigusa.

Dawa zipo mbili. Kuna mafundi hapa wenye mashine ya kuichaji sumaku ya zamani, na kuna sumaku mpya za neodimiamu zilizokatwa kwa ajili ya X04. Nilichukua ya pili, na mabadiliko ni makubwa: inaondoka stesheni polepole, mota iko vuguvugu tu, na inakokota mabehewa matano bila kulalamika. Usinunue ile yenye nguvu kupindukia, koili itakuwa inanasa kila inapopita na mwendo wa taratibu utakuwa wa kudundadunda.

Spea hazisumbui. Brashi, springi, vibati vya kukamatia umeme, hata magurudumu, vyote vinauzwa mpaka leo. Mafuta ni tone moja kila bearingi, yale yasiyodhuru plastiki, na yasifike kwenye komyuteta.

Kasoro zake ni mbili na ni za kweli. Magurudumu yana kingo ndefu, hivyo kwenye reli za kisasa zenye kimo kifupi kingo hizo zinagonga vishikizo vya reli, na kwenye makutano ya njia kichwa kinaruka kwa sababu magurudumu ya kushoto na kulia yamekaribiana kuliko ya sasa. Ya pili, ukiipandisha kwenye mfumo wa kidijitali bila kwanza kuitenga brashi ya upande wa chasisi, utaunguza dekoda, kile kifaa cha mfumo huo kinachofungwa ndani ya kichwa.

Ukienda kununua, beba betri ya volti 9 yenye waya mbili. Gusisha waya moja gurudumu la kushoto, nyingine la kulia. Ikizunguka, geuza waya uone kama inarudi nyuma. Isipozunguka na cheche ikaruka kwenye ncha ya waya, huenda kuna shoti, na mara nyingi ni kile kijimrija: omba punguzo, chukua. Isipotoa hata cheche, njia ya umeme imekatika mahali, aghalabu brashi imekwisha au kibati hakigusi gurudumu. Hiyo nayo inatengenezeka. Inayonukia kuungua na koili yake imebadilika rangi ikawa nyeusi, mrudishie mwenyewe kwa heshima.