Masomo ya sauti kuhusu muziki wa klasiki na siasa: Moscow wameipatia, Marekani wameirukia

Nimemaliza somo la 12 jana usiku, na ngoja niandike kabla halijapoa. Ni masomo ya kulipia, unasikiliza kwenye simu, kila moja kama dakika 40, yanaeleza jinsi siasa zilivyoukunja na kuukunjua muziki wa klasiki wa karne ya 20. Jina la kampuni naliacha, maana nina manung'uniko na sitafuti ugomvi.

Kwanza mjue masikio yangu yametoka wapi. Nimepiga tarumbeta miaka 19 katika bendi ya askari: gwaride, mapokezi ya wageni, mazishi ya wakubwa. Tukiambiwa "pigeni cha furaha", tunapiga cha furaha, hata kama asubuhi hiyohiyo mwenzetu amefiwa. Kwa hiyo mtu akisema atanieleza mtunzi anafanyaje kazi huku mkubwa amemsimamia kichwani, habembelezi sana. Nalipa.

Somo la pili na la tatu yanamhusu Shostakovich, mtunzi wa Kisovieti, na hayo pekee yanatosha kukufanya usijutie. Msimulizi hana haraka. Anaanza na opera ya Lady Macbeth wa Mtsensk, iliyotoka Leningrad mwaka 1934 na kupendwa miaka miwili mfululizo. Januari 26, 1936 Stalin akaenda kuitazama Moscow, akaondoka kabla haijaisha. Siku mbili baadaye gazeti la Pravda, la chama cha kikomunisti, likachapa makala isiyo na jina la mwandishi, kichwa chake "Vurugu badala ya muziki". Inasimuliwa kwamba chumba alichokaa Stalin kilikuwa karibu kabisa na matarumbeta na matromboni, na siku ile walipuliza kwa fujo. Nilicheka peke yangu. Kila mpiga tarumbeta anajua kwamba mkubwa akikasirika, lawama zinaanzia kwetu.

Kicheko kiliishia hapo. Desemba mwaka huohuo Shostakovich aliiondoa Simfoni ya Nne ikiwa tayari kwenye mazoezi, ikakaa kabatini hadi 1961. Miaka 25! Iliyomrudisha ukumbini ni ya Tano, Novemba 21, 1937, Leningrad, na makofi yalipita nusu saa. Mwisho wake unafahamika: nyuzi zinarudia noti moja tu, A, A, A, zaidi ya mara mia mbili, huku sisi wa tarumbeta tukishikilia juu kwa nguvu zote. Ni ushindi, au ni mtu anayeambiwa "furahi!" huku fimbo iko mgongoni? Msimulizi anauacha wazi, na anafanya vizuri, kwa sababu jibu linategemea anayeongoza okestra. Bernstein, katika rekodi yake ya 1959 na okestra ya New York, anaumaliza mbio kama sherehe. Rostropovich, aliyemfahamu Shostakovich na kusoma kwake, anauvuta taratibu mpaka unaona aibu kusikiliza. Mimi niko na Rostropovich. Ile furaha midomo yangu inaijua.

Lakini mniambie, mtu anaeleza jambo kama hilo, kisha anakupa sekunde 20 za kila rekodi? Ndilo kosa kubwa la masomo haya tangu mwanzo hadi mwisho. Wanakutamanisha, wanakata. Ilinibidi nisimamishe, niitafute simfoni nzima kwingine, niisikilize, ndipo nirudi. Somo la dakika 40 likawa la saa mbili.

Leningrad ya mwaka 1942 wameisimulia vizuri kuliko yote. Mji umezingirwa na Wajerumani, watu wanakufa njaa, na okestra ya redio imebaki na wapigaji wapatao 15. Kiongozi wake, Karl Eliasberg, anaambiwa aandae Simfoni ya Saba ya Shostakovich, ambayo ni kubwa mno. Inasemekana mazoezi ya kwanza yalipangiwa muda wa saa tatu yakaishia dakika ya 15. Tarumbeta ilipotakiwa kuingia peke yake, kimya. Mwenyewe ameilaza magotini, anasema mapafu hayana nguvu. Hapo nilisimamisha sauti nikakaa kidogo. Watu wasiowahi kupuliza chombo hudhani ni midomo tu. Ni tumbo. Walioongezwa walitolewa jeshini, wakapewa chakula cha ziada, na Agosti 9 simfoni ikapigwa yote. Mizinga ya Kisovieti ilikuwa imewatwanga Wajerumani kwanza ili wanyamaze, kisha muziki ukatangazwa kwa vipaza sauti mpaka kwenye mistari yao. Propaganda? Ndiyo, na ni muziki mkubwa pia, na msimulizi hakulazimishi uchague kimoja.

Masomo ya Ujerumani yako sawasawa. Lililonikaa ni bango la maonyesho ya Düsseldorf ya 1938, yale ya "muziki ulioharibika": mtu mweusi aliyechorwa kwa dhihaka, anapuliza saksafoni, na kifuani ana nyota ya Daudi. Weusi, Wayahudi na jazi, chuki tatu kwenye karatasi moja. Kisha yupo mtunzi Richard Strauss, aliyekubali kuongoza baraza la muziki la Wanazi mwaka 1933 akaachishwa 1935, baada ya barua yake kwa Stefan Zweig, mwandishi Myahudi aliyemwandikia opera, kukamatwa njiani. Sura yake wameichora bila kumsafisha wala kumtukana.

Kwenye kambi ya wafungwa wa vita ya Görlitz, Ujerumani, niliudhika. Mtunzi Mfaransa Messiaen alipiga pale kwa mara ya kwanza kazi yake ya fidla, klarineti, sello na piano, Januari 15, 1941, mbele ya wafungwa wenzake. Msimulizi anarudia, kwa sauti ya kutetemeka, kwamba sello ilikuwa na nyuzi tatu tu. Ndivyo alivyosimulia Messiaen, ni kweli. Ila Étienne Pasquier, aliyeishika hiyo sello mikononi, alisema zilikuwa nne. Mwenye chombo asiaminiwe? Baridi na njaa ya kambi vingetosha bila kukata uzi.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Masomo tisa ni Ulaya na Urusi. Marekani imepewa moja, la 11. Ukisikiliza unaweza kudhani siasa zilikaa Moscow na Berlin, na kwingine watu walikuwa wanachagua tu wanachokipenda. Mwaka 1939 mwimbaji Marian Anderson alinyimwa ukumbi mkubwa wa Washington kwa sababu ni mweusi, akaimba Aprili 9 mbele ya sanamu ya Lincoln kwa watu wapatao 75,000. Hilo wamelisema. Mwaka 1953 kazi ya mtunzi Copland kuhusu huyohuyo Lincoln ikaondolewa kwenye sherehe za kumwapisha Eisenhower, na Mei mwenyewe akaitwa kuhojiwa na kamati ya McCarthy, seneta aliyewasaka wakomunisti. Hilo nalo limo, kwa kukimbizwa.

Mtunzi Florence Price, je? Nilihesabu: dakika mbili na nusu. Okestra ya Chicago ilipiga simfoni yake mwaka 1933. Miaka kumi baadaye alimwandikia Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, akianza kwa kumweleza kwamba ana vikwazo viwili, ni mwanamke na ana damu ya watu weusi. Boston hawakumpigia kitu hadi alipofariki 1953, na rundo la karatasi zake likaja kuokotwa mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa huko Illinois. Hakuna gazeti lililomshambulia, hakuna mkubwa aliyetoka katikati ya onyesho lake. Kabati la Shostakovich lilifunguliwa baada ya miaka 25. La kwake hakuna aliyejua lipo wapi. Mada kama hiyo ndiyo ingestahili somo zima.

Fedha za CIA nazo, zilizopitia Congress for Cultural Freedom, shirika la kupinga ukomunisti, mpaka kwenye tamasha kubwa la muziki mpya Paris mwaka 1952, zimetajwa kama mtu anayepita mlangoni bila kubisha hodi.

Huduma kwa wateja: somo la tisa lilikuwa linakatika dakika ya 31. Niliandika, nikajibiwa siku ya 11 kwa barua inayoonekana wanamtumia kila mtu, kisha likarekebishwa kimyakimya. Sauti ya msimulizi ni nzuri, muziki wa kufungulia unapiga kelele, punguza mapema.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Kama una muda, nunua, sikiliza la pili mpaka la sita, na kila kazi inayotajwa itafute uisikilize nzima. La 11 lifanye orodha ya majina ya kutafuta, basi.

Mimi nimeshaitoa tarumbeta sandukuni. Nimejaribu ule mwisho wa Simfoni ya Tano, kwa mwendo wa Rostropovich, mara nne tangu juzi. Midomo imelegea, sijaufikisha.